Pombe Iliyofika Nyakitonto na Gharama za Kesi ya Kina Gwimo

Watu hudhani kazi ya mzee wa baraza ni kukaa. Kukaa ni sehemu yake ndogo, na hata hiyo ina ujuzi wake: beba mto mdogo wa kitambaa, kwa sababu mabenchi ya mahakama ya mwanzo yalitengenezwa na fundi aliyekuwa na ugomvi na wanadamu. Ninyi mlioteuliwa juzi mlikuja kunisalimia hapa Kasulu mkasema, "Bibi Spesioza, tuandikie mambo mawili matatu." Haya, nawaandikia. Shule niliishia darasa la nne na herufi zangu ni kubwa kama za mtoto, mnivumilie. Na msishangae kuitwa wazee. Mimi niliitwa mzee wa baraza nikiwa bado nanyonyesha, na Hakimu Mwaisaka aliyenipokea alikuwa kijana kuliko mdogo wangu wa mwisho.

Huyo Mwaisaka alitoka Mbeya. Kiha hakujua hata neno la kuombea maji, lakini alijua kutuangalia nyuso. Siku moja tulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba, upande mmoja mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa, upande wa pili mzee wa Munanila. Yule wa Munanila alipoingia, mwenzangu wa benchi, Mzee Ntakije, akasahau alipo. Akainuka, akainama, akaanza kupiga makofi ya salamu kama tunavyosalimiana: mwidiwe, mwidiwe, wa nyumbani wazima, ng'ombe wazima, maharage yameota, yule binti alijifungua nini? Salamu ikaenda ikarudi. Mwalimu wa Iringa akasimama akasema, "Mheshimiwa, mimi naona kesi yangu imeshaisha hapo, naomba niende zangu nyumbani."

Mahakama nzima ilicheka, na Hakimu naye. Lakini jioni alituweka chini. "Sikatazi salamu," alisema. "Ila kama utampigia makofi huyu, mpigie na yule, na urefu uwe mmoja." Tangu siku hiyo tukawa tunawasalimia watu nje, kabla ya kuingia, pande zote mbili. Yule mwalimu tulimfundisha kuitikia. Alikuwa anapiga makofi kama mtu anayeua mbu, lakini aliitikia.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutokuwa na haraka ya maoni. Hakimu akikugeukia, uliza kwanza swali moja la mambo ya nyumbani. Nani alipika siku hiyo? Mgeni aliketi wapi? Aliondoka kabla ya kula au baada? Mtu anaweza kujiandaa kwa swali la shamba wiki nzima, lakini swali la chakula humkuta mikono mitupu, na hapo husema kilichotokea.

Sasa niwaeleze habari ya gharama, maana ninyi nyote mliponitembelea mliniuliza za mirathi na za talaka, hakuna aliyeuliza hii. Mahakama ikishasema nani ameshinda, watu hudhani wamemaliza. Wanatoka wanapeana mikono. Halafu mmoja anauliza, "Na nauli zangu? Na wakili wangu?" Ugomvi unaanza upya, na safari hii una uchungu zaidi, kwa sababu kila mtu amechoka. Niliwahi kuona majirani wawili wa Nyakitonto waliogombania kuku mmoja, na kuku mwenyewe alikufa kwa kideri kabla ya hukumu, wakabaki wanashtakiana nauli za kwenda kumgombania.

Kwetu Buha tuna desturi: aliyeita wazee ndiye anayewalisha. Umelalamika wewe, basi chakula na kinywaji cha siku hiyo ni juu yako, hata ukishinda. Sheria ya mahakama inasema kingine: mara nyingi aliyeshindwa ndiye anayebeba gharama za mwenzake, isipokuwa hakimu aone vinginevyo. Na watu wenye makampuni wana ya tatu, ambayo niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimeshastaafu, kwenye kesi ya kina Gwimo.

Mzee Gwimo alikuwa na mashine ya kusaga na kukoboa pale Kibondo, na Fuso moja ya kubebea mazao. Kabla hajafa aliandikisha kampuni, akagawa hisa sawa kwa watatu: mkewe Nkwavira, mwanawe Bukuru, na binti yake Kiza. Bukuru ni pacha mkubwa. Mwenzake Toyi alifariki mchanga. Kiza, kama jina lake linavyosema kwetu, ndiye aliyefuata baada ya mapacha. Aliolewa Nyakitonto na Elieza, mtu mpole, fundi wa baiskeli.

Baba alipokufa Bukuru akawa ndiye kila kitu kwenye kampuni. Ilipofika mwaka 2012 Kiza alikuwa hajaona kitabu cha hesabu wala hajaitwa kwenye kikao. Akiuliza, kaka anamjibu, "Mashine inasaga, unataka nini kingine?" Kiza akaenda kwa wakili. Alimshtaki kaka yake kwa mambo mawili: kwamba anamficha vitabu, na kwamba anaiba. Kesi za kampuni haziletwi kwa hakimu wa mwanzo na wazee wake. Ilikwenda kwa jaji, kule Kigoma mjini. Kila tarehe ya kesi ni safari, ni kulala, ni wakili wa huku na wakili wa kule.

Mwaka 2014 jaji akaamua. Kuficha vitabu, kweli Bukuru alikosea, afungue vitabu na aitishe vikao. Kuiba, hapana, hakuna kilichoibwa. Kwa hiyo kila mmoja alishinda akashindwa. Kuhusu gharama, jaji aliwaambia ninyi ni ndugu wa tumbo moja, nendeni mkae, mkikubaliana mniletee maandishi. Mkishindwa nitaamua mwenyewe. Nkwavira ndiye aliyesema, "Mleteni Spesioza wa Kasulu." Tulipata kipaimara pamoja, mimi na yeye.

Nilipofika Kibondo nilikuwa mwekundu wa vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Tukakaa uani kwa Nkwavira, nyuma ya mashine. Alikuwepo Bukuru, Kiza na mumewe Elieza, na wakili wa Kiza, Mbilinyi, kijana wa Njombe mwenye subira. Wakili wa Bukuru alikuwa ametuma hesabu yake tu. Niliwasalimia wote kwa urefu mmoja.

Kabla sijauliza lolote, Kiza akanivuta jikoni. "Bibi, lile shamba langu la Nyakitonto nimeliweka rehani." Alilinunua mwenyewe, kwa biashara ya maharage, na ndilo lililokuwa linawalisha watoto. Fedha za wakili zilipomwishia, alilipeleka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kasulu. Makubaliano yao: Pasaka ikifika hajalipa, shamba si lake tena. "Elieza anajua?" nikamuuliza. "Anajua. Hasemi kitu. Bora angesema." Tulikuwa tumeshaingia Kwaresima.

Tuliporudi uani Bukuru akaanza yeye.

"Bibi, mimi sina maneno mengi. Kwetu aliyeita wazee ndiye anayelisha. Nani aliita? Mimi nilikuwa zangu kwenye mashine nasaga."

"Ulikuwa unasaga mahindi au unasaga hisa zangu?" Kiza akasema.

"Hisa zako! Mashine ikiharibika saa ya kazi unakuja wewe kuingia chini yake na hizo hisa?"

"Ningejuaje kama imeharibika? Kitabu si umekilalia!"

"Bukuru. Kiza," mama yao akasema.

Nikamwambia Bukuru, "Mwanangu, desturi hiyo naijua kuliko wewe. Lakini ni ya kulisha wazee waliokuja kwa miguu. Haikuwekwa kwa ajili ya mawakili na magari. Na anayeita wazee ni yule aliyenyimwa kikao cha nyumbani. Dada yako alikuomba mkae?"

"Aliomba."

"Ukakaa?"

Akatazama mashine. "Nilikuwa na kazi."

Ndipo akaja na lile jambo la tatu. "Basi kampuni ilipe. Mawakili wote wawili, kampuni ilipe, yaishe, tukale."

Nakiri maneno yalikuwa matamu. Kiza mwenyewe alishusha pumzi, maana aliliona shamba lake linarudi. Elieza akaanza kutabasamu. Aliyetuzuia ni Wakili Mbilinyi, na alizuia jambo ambalo lingekuwa jepesi kwa mteja wake. "Bibi, naomba niseme," akasema. "Kampuni ina wenye hisa watatu. Ikilipa kampuni, theluthi ya gharama analipa mama."

Nikamgeukia Nkwavira. "Wewe ulimshtaki nani?"

"Mimi? Nimshtaki nani na miguu hii?"

"Wewe ulishtakiwa na nani?"

"Nani anishtaki, nimekosa nini?"

"Basi wewe hulipi kitu."

"Spesioza, niache nilipe," akasema. "Nina hisa, nina ng'ombe mmoja na ndama wake. Chukueni. Ni watoto wangu. Nikilipa mimi hakuna atakayemwangalia mwenzake vibaya."

Hapa, wajukuu zangu, mkae chonjo. Katika kila ugomvi wa ndugu kuna mtu wa namna hii, mara nyingi mama, ambaye hakugombana na yuko tayari kulipa. Na wote mtataka kumkubalia, kwa sababu anarahisisha. Msimkubalie. Nilimwambia Nkwavira, mbele yao, "Ukilipa wewe, hawa watatoka hapa hakuna aliyejifunza kitu, na mwakani watagombania Fuso. Ng'ombe wako akae zizini." Alikasirika. Alinigeuzia mgongo, na mgongo wenyewe ni kama mlango wa ghala.

Bukuru akaona njia hiyo imefungwa, akatoa jingine alilokuwa ameliweka akiba. "Kama tunatafuta haki, basi kesi iliisha siku walipokunywa pombe yangu."

"Pombe gani?" nikauliza.

Akaeleza. Kesi ilipofika katikati, moyo ulimlainika. Akatengeneza pombe ya ndizi, akajaza madumu, akampa dereva wake Zakayo ayapeleke kwa Fuso mpaka Nyakitonto kwa dada yake, na ujumbe: njoo Jumamosi uone vitabu, tumalize. Pombe ikapokelewa, ikanywewa ikaisha. Na kwetu, ukinywa pombe ya mtu mliyekosana naye, umesamehe. "Kuanzia hapo," akasema Bukuru, "wakili wake na wakili wangu, safari zote, ni juu yake. Mimi nilikwisha kuomba amani."

"Mimi sikunywa hata tone!" Kiza akaruka. "Nilikuwa Kasulu kwa wakili!"

"Mumeo alikunywa."

Wote tukamtazama Elieza. Elieza akatazama viatu vyake.

"Elieza mwanangu," nikasema, "pombe ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri, Bibi."

"Ulikunywa na nani?"

"Na majirani. Fuso iliposimama waliiona. Wengine sikuwaita, walifuata harufu."

"Basi hata wao tuwagawie gharama," akasema Nkwavira akiwa bado ametupa mgongo. Hapo ndipo tulipocheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Nikaomba Zakayo aitwe kutoka kwenye gari. Sikumuuliza habari ya kesi. Nilimuuliza, "Ulipofika na madumu, nani alionja kwanza?"

Akashangaa. "Mimi ni mlokole, Bibi. Sigusi pombe. Niliyashusha, nikatoa ujumbe, nikageuza gari."

Bukuru akafumba macho. Alielewa kabla sijasema. Pombe ya kuomba radhi kwetu haitumwi kama gunia. Mwenye kosa huileta mwenyewe, huionja mwenyewe mbele ya aliyemkosea, ndipo humpa. Asipoonja yeye, haijafunguliwa. Ni kinywaji tu, mtu kanywa kiu yake. Na pombe ya radhi kupelekwa na mlokole asiyeweza hata kulamba kidole, jambo hilo sijaliona kwingine, na nimekaa benchi kuanzia ujana mpaka nywele kuwa hivi.

"Kwa nini hukwenda mwenyewe?" nikamuuliza Bukuru.

"Bibi, mimi ni mkubwa. Niende nikapige magoti mlangoni kwa mdogo wangu, na majirani wa Nyakitonto wananiangalia?"

Kiza akawa ameinua kidevu, ameona ameshinda. Ningeishia pale angeondoka anaimba. Lakini lilibaki swali la nyumbani. Nikamuuliza Elieza, "Mkeo aliporudi kutoka Kasulu, alikuta nini?"

"Madumu matupu, Bibi. Na mimi nimelala."

"Asubuhi ulimwambia?"

Elieza alimtazama mkewe kwanza. "Nilimwambia. Neno kwa neno. Jumamosi, vitabu."

"Kiza, ulijibu nini?"

Kiza akasema, taratibu, "Nilisema, akinitaka aje mwenyewe."

"Ukamtumia jibu?"

"Hapana."

"Halafu ukafanya nini?"

"Nikaweka shamba rehani, nikaendelea."

Mnaona? Kaka anangoja dada aje Jumamosi. Dada anangoja kaka aje mlangoni. Na katikati yao mawakili wanapanda magari. Nilimwomba Wakili Mbilinyi atenganishe hesabu zake mbele yetu: za kabla ya pombe na za baada. Alizitenganisha bila kuficha, na akanieleza kwamba hata majaji hufanya hivyo, hutazama ni nani alikataa kukaa, na kuanzia lini. Nilifurahi kusikia. Nilidhani ni ya kwetu benchini tu.

Nikasema hivi. Gharama zote za kabla ya pombe, za Kiza na za Bukuru, atabeba Bukuru, na atoe mfukoni mwake, si kwenye kampuni, kwa kuwa aliombwa akae akakataa. Gharama za baada ya pombe, kila mtu na zake: Bukuru kwa kuwa alituma gari badala ya kwenda mwenyewe, Kiza kwa kuwa ujumbe ulimfika akaukalia. Mama halipi kitu.

Kiza alianza kulia. Alishajua hesabu: kule mwanzo alilipa kwa kuuza mbuzi na cherehani. Shamba liliwekwa baada ya pombe. Kwa hukumu yangu deni la shamba lilikuwa lake mwenyewe.

"Nakubali," akasema Bukuru. "Za mwanzo nitamrudishia. Baada ya mavuno, mashine ikipata kazi."

"Pasaka iko kabla ya mavuno," nikasema.

"Pasaka imefanya nini?"

Hakuwa anajua. Hakuna aliyemwambia kaka mtu kwamba dada yake analala na kuamka na Pasaka kichwani. Nikamweleza Kiza amwambie mwenyewe, akamwambia kwa maneno machache. Bukuru akavua kofia yake, akaishika mkononi.

Hili ndilo ninalotaka mlichukue, hata kama mengine mtayasahau. Kuamua nani alipe ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni alipe wapi, na lini. Nikasema: zile za mwanzo ambazo Bukuru anamrudishia dada yake, hazipiti mkononi mwa Kiza na hazingoji mavuno. Zinakwenda moja kwa moja kwa yule mfanyabiashara wa Kasulu, kabla ya Jumapili ya Matawi, na wakili awepo karatasi ya shamba ikirudishwa. Mbuzi na cherehani za Kiza ndizo zimepotea. Hiyo ndiyo bei ya kunyamaza kwake. Shamba libaki.

"Nitazitoa wapi kabla ya Matawi?" akasema Bukuru.

"Una pikipiki," akasema mama yake, mgongo ule ule.

"Mama!"

"Nyakitonto si mbali kwa baiskeli. Na shemeji yako ni fundi."

Elieza akasema kwa upole kwamba anayo moja nzuri, matairi mapya, atampunguzia bei. Bukuru alimtazama, nikadhani sasa tunarudi mwanzo. Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ile kofia. Wakili akaandika, wakatia saini, Nkwavira akageuka akaweka dole gumba, ingawa nilimwambia yeye halimhusu. Akasema hawezi kukaa kwenye karatasi ya watoto wake kama mgeni. Karatasi ikaenda kwa jaji, ikakubaliwa. Pikipiki iliuzwa. Shamba lilirudi Alhamisi, Matawi ikawa Jumapili.

Mwaka uliofuata, 2015, nilikwenda Kibondo kwenye harusi, nikabeba na muhogo wangu mkavu nikausage. Bukuru mwenyewe alikuwa kwenye mashine, mweupe kwa unga mpaka nyusi. Alinisalimia kwa makofi marefu, akanisagia vizuri, akanifungia. Nikashika mfuko wangu nikaaga.

"Bibi, hujalipa," akasema.

"Hata mimi?"

"Siku hizi hapa hakuna cha bure. Kiza anakuja kila Jumamosi kusoma kitabu. Akikuta unga umetoka na haukuandikwa, ananiuliza mbele ya wateja."

Nikageuka kutafuta wa kunitetea. Nkwavira alikuwa amekaa kwenye gunia karibu na mlango, anapepeta.

"Lipa, Spesioza," akasema. "Theluthi yake ni yangu."